Kichwa cha habari kilichomshinda jaji: magazeti, uvumi na nyota wa sinema tangu 1910

Steven Kanumba alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, na habari ikavuka ziwa upesi. Filamu zake zilikuwa zikitazamwa Uvira, Bukavu, Goma na Bujumbura, kwenye vibanda vya video na nyumbani kwa watu. Lakini kilichovuka haraka kuliko habari yenyewe ni maelezo ya kifo chake. Kabla hajazikwa, watu walikuwa wameshaambiana kwamba ni mambo ya Freemason, kwamba alitolewa sadaka. Aliwahi kucheza filamu iitwayo Devil Kingdom, kwa hiyo uvumi ukapata mahali pa kushika. Kesi ilichukua zaidi ya miaka mitano. Mnamo Novemba 2017 mahakama ilimkuta mwigizaji mwenzake na hatia ya kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka miwili. Katika hukumu ile hapakuwa na shetani wala chama cha siri. Hata hivyo, ukiuliza leo watu kumi waliopenda filamu za Kanumba, wangapi watakuambia habari ya hukumu, na wangapi watakuambia habari ya Freemason?

Kongo tuna jina la kitu hiki: radio trottoir, redio isiyo na mnara wala mtangazaji. Zamani ilipita mdomoni, sasa inapita kwenye simu. Na mwenye mega kidogo, hasa yule anayeishi kambini na kununua mega za siku moja, husoma kichwa cha habari tu, maana kufungua habari yote ni pesa. Anayeandika kichwa hicho anajua jambo hilo vizuri. Biashara yake si mpya, ina zaidi ya miaka mia moja, na sinema ndiyo iliyoifundisha kutembea.

Mwanzoni waigizaji wa sinema hawakuwa na majina. Marekani, mwaka 1909, watu walimjua mwanamke mmoja kama "msichana wa Biograph", kwa jina la kampuni iliyotengeneza filamu zake. Makampuni hayakupenda kutangaza majina, kwa sababu mtu mwenye jina huomba mshahara mkubwa. Mwanamke huyo aliitwa Florence Lawrence. Tajiri mmoja mhamiaji kutoka Ujerumani, Carl Laemmle, akamvuta aingie kwenye kampuni yake changa, IMP. Sasa ilibaki kuwaambia watu kwamba yule wanayempenda amehama.

Uvumi ukatokea kwamba Florence Lawrence amegongwa na tramu na kufa. Mnamo Machi 1910, Laemmle akalipia tangazo kubwa katika jarida la wenye majumba ya sinema, Moving Picture World. Tangazo lilisema kwa hasira kwamba maadui wa kampuni wamesambaza uongo, kwamba dada huyo ni mzima, hana hata mkwaruzo, na kwamba filamu zake mpya zinakuja. Wanahistoria wengi wanaamini kwamba uvumi wenyewe ulitoka upande wa Laemmle. Yaani aliyekuja mbio na maji ndiye aliyewasha moto. Baada ya hapo akampeleka Lawrence katika mji wa St. Louis ili watu wamuone kwa macho yao, na umati mkubwa ukajaa kituo cha gari moshi kumpokea mtu "aliyefufuka".

Tangazo lile lilivaa nguo za ukweli. Lilijionyesha kama masahihisho, kama mtu anayepigana na uongo. Hii ni mbinu ambayo bado inawanasa wengi: ujumbe unaoanza kwa kusema "msidanganywe" hupokelewa bila kuulizwa ulikotoka. Lawrence mwenyewe hakufaidi kwa muda mrefu. Alikufa mwaka 1938, amesahauliwa, akiwa anaishi kwa kazi ndogo ndogo za kusimama nyuma ya waigizaji wengine. Laemmle alikuwa ameanzisha kampuni ya Universal, ambayo ipo hadi leo.

Kisa cha Lawrence kinaweza kuchekesha. Kinachofuata hakichekeshi.

Roscoe Arbuckle alikuwa mchekeshaji mnene sana, na watu walimwita "Fatty", jina ambalo yeye mwenyewe hakulipenda. Mwaka 1921 alikuwa kati ya waigizaji waliolipwa pesa nyingi kuliko wote duniani. Mkataba wake na Paramount ulisemwa kuwa wa dola milioni moja kwa mwaka. Tarehe 5 Septemba mwaka huo, siku ya mapumziko, alikuwa na wenzake katika hoteli ya St. Francis, mjini San Francisco. Walikodi vyumba vitatu na kufanya karamu. Pombe ilikuwa imekatazwa na sheria Marekani nzima, lakini ilikuwepo. Kati ya wageni alikuwemo mwigizaji mmoja, Virginia Rappe. Akaugua humo hotelini, akawa analia kwa maumivu ya tumbo. Walifikiri ni ulevi. Daktari akampa dawa ya kutuliza maumivu, na siku zikapita kabla hajapelekwa hospitali. Alikufa tarehe 9 Septemba. Kibofu chake kilikuwa kimepasuka, na uambukizo ulikuwa umeenea tumboni.

Mwanamke mwingine aliyekuwepo kwenye karamu, Maude Delmont, akaenda polisi na kusema kwamba Arbuckle ndiye aliyemshambulia. Waliochunguza maiti hawakupata ushahidi wa kubakwa. Lakini kufikia hapo magazeti yalikuwa yameshaanza kazi.

Inafaa kueleza kazi hiyo ilivyofanyika. Katika miji mikubwa ya Marekani wakati ule gazeti lilichapishwa mara kadhaa kwa siku. Liliuzwa barabarani na watoto, na watoto hao hawakuuza habari, waliuza kichwa cha habari kwa kukipigia kelele. Mwenye magazeti William Randolph Hearst alikuwa na magazeti katika miji mingi, na moja lao, Examiner, lilikuwa hapo hapo San Francisco. Toleo la saa nne likisema mtu amehojiwa, la saa nane lazima liseme zaidi, la sivyo nani atalinunua? Ukweli hauongezeki kila baada ya saa nne. Kinachoweza kuongezeka ni maneno. "Anashutumiwa" linakuwa refu mno kwa herufi kubwa, linaondolewa. Linabaki jina la mtu na jina la kosa, bega kwa bega.

Gazeti hilo lilichora picha ya Arbuckle akiwa kama buibui katikati ya utando, chupa za pombe pembeni yake, na wanawake wamenaswa. Hakuna shahidi aliyekuwa amesikilizwa. Uzito wake, ambao mwezi uliopita ulikuwa jambo la kucheka, ukageuzwa kuwa silaha: ikaandikwa kwamba alimlalia Rappe hadi akampasua. Majumba ya sinema yakaanza kuondoa filamu zake kabla kesi haijafunguliwa. Mwendesha mashitaka wa mji, Matthew Brady, akataka ashitakiwe kwa mauaji. Jaji akashusha shitaka likawa kuua bila kukusudia. Arbuckle alikaa jela karibu wiki tatu kabla ya kutoka kwa dhamana.

Kesi ya kwanza ilianza Novemba 1921. Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa magazeti hakuambiwa kwa herufi kubwa. Maude Delmont, ambaye maneno yake ndiyo yaliyowasha moto wote, hakuitwa kutoa ushahidi, si katika kesi hiyo wala katika zilizofuata. Upande wa mashitaka uliogopa kumweka mbele ya mawakili, maana maelezo yake yalikuwa yakibadilika. Mtu aliyejaza kurasa za mbele hakufaa kukaa katika kiti cha shahidi. Raia 12 waliokuwa na kazi ya kuamua walishindwa kukubaliana: kumi walisema hana hatia, wawili walikataa. Kesi ya pili, mwanzoni mwa 1922, nayo ikakwama, safari hii wengi wakitaka ahukumiwe, labda kwa sababu mawakili wake walijiamini mno hata hawakumsimamisha ajieleze. Ikafunguliwa ya tatu.

Tarehe 12 Aprili 1922, raia wa kesi ya tatu walitoka nje kwa dakika sita hivi. Muda mwingi wa hizo dakika hawakuutumia kujadiliana, waliutumia kuandika. Walirudi na barua, jambo lisilo la kawaida kabisa mahakamani. Walisema kumwachilia tu hakutoshi, kwamba ametendewa dhuluma kubwa, na kwamba hapakuwa na ushahidi hata kidogo wa kumhusisha na kosa lolote. Kilichobaki juu yake kisheria ni faini ya dola 500 kwa ajili ya pombe.

Siku sita baadaye akapigwa marufuku.

Wenye makampuni ya sinema walikuwa wameunda ofisi ya kusimamia maadili na kumweka juu yake Will Hays, aliyekuwa waziri wa posta katika serikali ya Marekani. Tarehe 18 Aprili, Hays akatangaza kwamba filamu za Arbuckle zisionyeshwe. Mahakama ilikuwa imesema hana hatia, lakini makampuni hayakuogopa mahakama. Yaliogopa wanunuzi wa tiketi, na wanunuzi wa tiketi walikuwa wamesoma magazeti. Marufuku iliondolewa Desemba mwaka ule ule, lakini kwa karatasi tu. Kwa miaka kadhaa mtu aliyekuwa maarufu kuliko karibu waigizaji wote aliongoza filamu za wengine kwa jina la kubandika, William Goodrich. Mwaka 1932 alipewa tena nafasi ya kuonekana katika filamu fupi, na zikapendwa. Alikufa usingizini tarehe 29 Juni 1933, mjini New York, akiwa na miaka 46.

Na Virginia Rappe? Wanaosimulia kisa hiki kama kisa cha mwanaume aliyeonewa humruka yeye. Alikuwa mwanamke mgonjwa ambaye watu walimdhania mlevi, akaacha kutibiwa ipasavyo kwa siku kadhaa. Kama magazeti yangetaka habari ya kweli yenye uzito, ilikuwa hapo: kwa nini mgonjwa anayelia kwa maumivu anabaki kitandani hotelini? Hakuna aliyepigia kelele swali hilo barabarani. Kwanza walimfanya malaika ili Arbuckle awe shetani. Halafu mawakili wa Arbuckle wakaichafua sifa yake ili mteja wao apone. Aliuawa mara ya pili na pande zote mbili. Mwaka 1959 kikachapishwa Paris, kwa Kifaransa, kitabu cha Kenneth Anger kiitwacho Hollywood Babylone, kilichorudia masimulizi machafu kabisa ya karamu ile, na hata leo kuna watu wanaoyajua masimulizi hayo bila kujua kwamba palikuwa na barua ya raia 12.

Baada ya Arbuckle, makampuni yalijifunza kuwanunua waandishi na kuwaficha waigizaji wao. Hilo liliendelea miaka thelathini hivi, hadi Robert Harrison alipoanzisha jarida la Confidential mwaka 1952. Lilikuwa likiuza mamilioni ya nakala. Lilinunua siri kutoka kwa wapelelezi wa kukodiwa, wahudumu na malaya, na pale siri ilipokuwa ndogo, kichwa cha habari kiliikuza. Mwaka 1957 lilipelekwa mahakamani Los Angeles, na mashahidi wawili wanastahili kukumbukwa.

Maureen O'Hara, mwigizaji kutoka Ireland, aliandikwa kwamba alionekana akifanya mapenzi na mwanaume kwenye viti vya nyuma vya jumba la sinema. Alikuja mahakamani na pasipoti yake. Mihuri ilionyesha kwamba siku zilizotajwa hakuwa hata Marekani. Kwa watu wanaojua thamani ya karatasi, watu waliokimbia nyumba zao na kubaki na carte d'électeur tu mfukoni, jambo hilo halihitaji maelezo: muhuri mmoja ulibomoa kurasa nzima. Shahidi mwingine alikuwa Dorothy Dandridge, mwigizaji mweusi, aliyeandikwa kwamba alijificha msituni na mwanamuziki mzungu karibu na ziwa Tahoe. Jibu lake lilikuwa chungu kuliko pasipoti. Alieleza kwamba kwa ubaguzi uliokuwepo mahali pale, mtu mweusi hakuwa na uhuru wa kutembea hivyo, habari isingewezekana. Aliyeitunga alisahau sheria za nchi yake mwenyewe. Kesi haikumaliza kwa hukumu, lakini Harrison akakubali kuacha habari za namna hiyo, na mwaka uliofuata akaliuza jarida.

Mpaka hapo uongo wote huu ulitafuta pesa. Ule uliompata Jean Seberg ulitoka mahali pengine.

Seberg alizaliwa mwaka 1938 katika mji mdogo wa Marshalltown, jimbo la Iowa, Marekani. Alichaguliwa kati ya wasichana maelfu kucheza Joan wa Arc, halafu akahamia Ufaransa. Mwaka 1960 alipata umaarufu mkubwa katika filamu ya Jean-Luc Godard, À bout de souffle, ambamo anacheza msichana anayeuza magazeti kwenye barabara ya Champs-Élysées. Aliolewa na mwandishi Romain Gary. Pia alitoa pesa kuwasaidia Black Panthers, kundi la watu weusi wa Marekani lililokuwa linapambana na ubaguzi, na kwa ajili hiyo polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, wakaanza kumfuatilia.

Mwaka 1970 alikuwa na mimba. Mwishoni mwa Aprili, ofisi ya FBI ya Los Angeles iliandika makao makuu kuomba ruhusa ya kupenyeza kwa waandishi wa habari za waigizaji uvumi kwamba baba wa mtoto ni mmoja wa viongozi wa Black Panthers. Lengo liliandikwa wazi: kumwaibisha na kumshusha machoni pa watu. Makao makuu hayakukataa. Yalishauri kusubiri miezi miwili hivi, hadi mimba ionekane. Karatasi hizo zipo; hazikuandikwa na wapinzani wa FBI, ziliandikwa na FBI.

Tarehe 19 Mei, safu ya Joyce Haber katika Los Angeles Times ikatoa habari hiyo bila kumtaja jina, ikimwita "Miss A", lakini kwa dalili ambazo mtu yeyote wa sinema angezitambua. Mwezi wa Agosti, jarida la Newsweek likamtaja kwa jina lake kamili. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza? Hakuna aliyejiuliza ni nani anayefaidika habari hii ikitoka? Katika uandishi wa habari za siasa maswali haya hufundishwa darasa la kwanza. Katika habari za waigizaji yalionekana kuwa kazi ya bure, kwa sababu ni habari za waigizaji tu, mambo ya kujifurahisha. Mlango huo usiolindwa ndio walioutumia.

Seberg alijifungua kabla ya wakati, kwa kupasuliwa, tarehe 23 Agosti 1970. Mtoto, msichana aliyeitwa Nina, aliishi siku mbili. Mama yake alimpeleka kumzika Marshalltown, kwao, na akataka jeneza lionekane ndani, ili watu wa mji wajionee wenyewe rangi ya mtoto. Ni jambo gumu hata kuliandika: mama analazimika kutumia maiti ya mtoto wake kama masahihisho ya gazeti.

Yeye na Gary waliishitaki Newsweek huko Paris, wakashinda na kulipwa fidia. Hukumu ilikuwepo, kama ile ya Arbuckle, na kama ile ya Arbuckle haikurudisha kitu. Seberg hakupona. Wale waliomjua walisema kwamba kila Agosti ilipofika hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Mwishoni mwa Agosti 1979 alitoweka, na tarehe 8 Septemba alikutwa amekufa ndani ya gari lake, Paris. Alikuwa na miaka 40.

Siku sita baadaye, tarehe 14 Septemba, FBI ilikiri hadharani kwamba ndiyo iliyopanga uvumi ule, ikasema kwamba siku hizi haifanyi tena mambo hayo. Magazeti yaliandika habari hiyo pia, kwa herufi za kawaida.